Dhima ya Kisichoonekana

Swali la iwapo kuficha ni kudanganya limejadiliwa zaidi na wanafalsafa wa maadili na wanateolojia, ilhali wanaolazimika kulijibu kila siku kwa mikono yao ni mafundi, na ni kazi chache zinazolidhihirisha waziwazi kama ile ya kuhamisha vifaa vya umeme katika pikipiki inayobuniwa upya. Katika mji wa Machakos, ulio kilomita zipatazo 60 kusini-mashariki mwa Nairobi chini ya vilima vya Iveti, kazi hiyo hufanywa katika karakana za jua kali, yaani karakana ndogo za mafundi waliojiajiri, ambao wengi wao walijifunza kwa kumtazama fundi mwingine, na hufanywa kwa sababu mbili zisizofanana. Sababu ya kwanza ni haja: mwendeshaji wa bodaboda anayepeleka abiria na mitungi ya maji ya lita 20 hadi Kathiani, Masii au Mwala anataka kuongeza taa, redio, spika na soketi ya kuchajia simu, na kwa kuwa nafasi iliyopo haitoshi, betri na fyuzi hulazimika kupishana na vitu vipya. Sababu ya pili ni uzuri: mwenye pikipiki anataka vifuniko vya pembeni viondolewe, pembetatu ya fremu iliyo chini ya siti ibaki tupu, na jicho lipite kutoka upande mmoja hadi wa pili bila kukutana na betri wala fungu la nyaya. Kwa njia zote mbili, kifaa kilichokuwa mahali panapojulikana hupelekwa mahali pengine, aghalabu pasipoonekana, na hoja inayotetewa hapa ni kwamba pamoja na kifaa hicho huhama pia dhima, ikatoka kwa kiwanda kilichoamua mahali pa awali na kumwangukia fundi aliyeamua mahali papya, naye haitui kwa kupokea malipo yake.

Ili hoja hiyo ieleweke, yafaa kwanza kueleza kinachohamishwa. Pikipiki ya kawaida ya Kenya hutumia umeme wa volti 12. Koili zilizo ubavuni mwa injini huzalisha mkondo geu, yaani umeme unaobadilisha mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, nao hupita katika rektifaya, kifaa chenye mapezi ya alumini, ambacho huugeuza kuwa mkondo wa mwelekeo mmoja na kuuzuia usipite kiasi cha volti 14 na nusu ili betri isichemke. Betri huhifadhi umeme huo kwa ajili ya taa, honi na stata. Fyuzi, ambayo ni kipande cha waya chembamba kilichokusudiwa kuyeyuka kabla ya nyaya nyingine kupata joto la hatari, hulinda mfumo mzima. Kisha kuna sidiai, kisanduku chenye kapasita inayojazwa umeme na kuuachilia kwa ghafla hadi kwenye koili ya kuwashia, ili plagi itoe cheche kwa wakati unaostahili. Vifaa hivi vyote huunganishwa na fungu la nyaya za rangi mbalimbali, na fremu ya chuma yenyewe hutumika kama njia ya umeme kurudi kwenye betri.

Mfumo huu unatofautiana kwa jambo moja kubwa na sehemu nyingine za pikipiki. Mnyororo hauwezi kuwekwa popote, wala gurudumu, kwa sababu mahali pake ndiyo kazi yake. Lakini kifaa cha umeme, kwa mtazamo wa kwanza, hakijali kilipo maadamu kimeunganishwa na wenzake ipasavyo. Mchoro wa nyaya unaochapishwa katika vitabu vya mafundi huonyesha nani ameungana na nani, na kwa kawaida hauonyeshi umbali wala kimo. Ndiyo maana mtu hujiona huru mbele ya nyaya kwa namna asivyojiona mbele ya injini, na ni katika uhuru huo kosa la kwanza la kifikra hujificha.

Wanafalsafa wamezoea kuuliza hapa swali la utambulisho. Plutarko alisimulia habari za merikebu ya Theseus iliyobadilishwa mbao moja baada ya nyingine hadi watu wakabishana kama bado ni ile ile, naye Thomas Hobbes, katika kitabu chake cha mwaka 1655 kuhusu maumbile ya vitu, akaongeza ugumu kwa kuuliza ingekuwaje kama mtu angezikusanya mbao zilizotolewa na kuunda merikebu ya pili. Swali hilo lina ladha yake, lakini kwa jambo lililo mbele yetu halizai sana. Katika kuhamisha vifaa hakuna ubao uliobadilishwa; kilichobadilika ni mpangilio wa vitu vile vile. Sheria ya Kenya nayo huitambua pikipiki kwa nambari ya fremu na ya injini zilizoandikwa katika cheti cha umiliki, na mbele ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama waya uliohamishwa haumfanyi mtu kuwa na pikipiki nyingine. Aristotle angesaidia zaidi kwa kutofautisha mata, yaani kile ambacho kitu kimeundwa nacho, na umbo, yaani mpangilio unaokifanya kiwe kitu hicho. Na hapo ndipo mtu anayesema kwamba mahali pa betri si kitu anapopaswa kusimamishwa na kuulizwa kama ana hakika kuwa mahali si sehemu ya umbo.

Kwa kweli mahali hurudi, na hurudi kupitia milango ambayo mchoro wa nyaya haukuionyesha. Mlango wa kwanza ni joto. Rektifaya ya aina iliyoenea katika pikipiki ndogo hudhibiti umeme kwa kuugeuza ule wa ziada kuwa joto, na mapezi yake yaliwekwa ili upepo wa safari ulichukue joto hilo; ikifichwa chini ya siti pasipo upepo, itafanya kazi siku ya kwanza na mwezi wa kwanza, kisha itakufa katikati ya safari ndefu, au itashindwa kuuzuia umeme na kuichemsha betri. Mlango wa pili ni maji. Mvua za vuli, ambazo katika eneo hili la Ukambani hutegemewa kuliko za masika, huanza Oktoba na kugeuza njia nyingi za udongo kuwa tope linalorushwa na gurudumu la nyuma kwenda juu, hasa ikiwa kikinga tope kimekatwa ili pikipiki ipendeze. Na hata wakati wa kiangazi mitungi ya maji inayofungwa nyuma humwagika pale pale ambapo sidiai imehamishiwa. Mlango wa tatu ni mtikisiko, kwa kuwa waya unaogusa ukingo wa chuma husuguliwa kila mara injini inapozunguka, na waya unaopita shingoni mwa pikipiki hukunjwa kila usukani unapogeuzwa, hadi nyuzi za shaba zilizo ndani ya ganda la plastiki zikatike moja moja huku ganda lenyewe likionekana zima.

Mlango wa nne ni urefu, na huu ndio unaodharauliwa zaidi. Mita moja ya waya wa shaba wenye unene wa milimita moja ya mraba ina ukinzani wa takriban omu 0.017, taa ya wati 55 huvuta kiasi cha ampea nne na nusu, kwa hiyo kuongeza mita moja ya kwenda na moja ya kurudi hupoteza kama sehemu 0.15 ya volti, na waya ukiwa mwembamba kwa nusu, hasara huwa maradufu. Kiasi hicho chaonekana kidogo, lakini mwanga wa taa ya waya unaong'aa kwa joto hupungua kwa kasi zaidi kuliko volti zinavyopungua, na stata, inayovuta makumi ya ampea, haivumilii hata kidogo waya mrefu na mwembamba. Kuna jambo zito kuliko yote hayo nalo linahusu fyuzi. Kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakilindwi na chochote. Kikisuguliwa hadi shaba ikaigusa fremu, betri ndogo ya pikipiki yaweza kutoa mkondo unaopita ampea 100, na waya huwa mwekundu kwa muda mfupi, karibu na tangi la petroli ambalo dereva amelikumbatia kwa magoti. Ndiyo sababu fyuzi huwekwa karibu kabisa na betri, na fundi anayeihamisha betri hadi mkiani na kuiacha fyuzi mahali pa zamani amerefusha sehemu isiyolindwa pasipo mtu yeyote kuona tofauti.

Kutokana na hayo yaweza kusemwa kwamba kila mahali pa awali palikuwa jibu la swali ambalo mwenye pikipiki hakuwahi kulisikia likiulizwa. Aliyeiweka rektifaya mbele ya upepo alikuwa amejibu swali la joto, na aliyeiweka sidiai juu na mbali na tope alikuwa amejibu swali la maji. Majibu hayo si matakatifu. Viwanda navyo hukosea, hubana gharama, na mara nyingi huunda kwa ajili ya barabara na mizigo isiyo ya Machakos, hivyo kwamba fundi mwenyeji aweza kabisa kupata mahali bora kuliko pale pa awali. Lakini akipahama amelichukua swali mikononi mwake, na hata asipojua kwamba swali lilikuwapo bado atakuwa amelijibu.

Je, kuficha kwenyewe ni aina ya uongo? Mwaka 1849 Mwingereza John Ruskin, katika kitabu chake kuhusu taa saba za usanifu majengo, alilaumu vikali udanganyifu wa majengo, kama vile rangi inayojifanya kuwa marumaru au nguzo inayojifanya kubeba kisichobebwa nayo. Hata hivyo alikubali kwamba msanifu halazimiki kuonyesha mifupa ya jengo lake, kwa kuwa hata mwili wa mwanadamu hufunikwa na ngozi na hakuna anayeushutumu kwa sababu hiyo. Tofauti aliyoichora ni ya msingi. Kuficha ni kutosema. Kudanganya ni kumfanya mtu aamini kisichokuwepo. Betri iliyo chini ya siti haidai kwamba pikipiki haina betri. Lakini fungu la nyaya lililofungwa kwa tepu nyeusi nadhifu kutoka mwanzo hadi mwisho laweza kudai jambo: unadhifu wake humwambia mtazamaji kwamba ndani nako kuna unadhifu, na ikiwa ndani yake nyaya zimepindwa kwa vidole na kufunikwa bila kuungwa kwa risasi wala kubanwa kwa klipu, basi tepu ile imesema uongo kwa ufasaha ambao fundi asingethubutu kuutumia kwa ulimi wake.

Historia ya Ukambani inalipa swali hili uzito wa kipekee. Wahunzi wa Kikamba walisifika kwa kuvuta waya wa chuma, shaba na shaba nyeupe na kuusuka kuwa mikufu myembamba, kazi ambayo msomi wa Uswidi Gerhard Lindblom aliieleza katika utafiti wake juu ya Wakamba uliochapishwa mwanzoni mwa karne ya 20; na waya huo ulivaliwa shingoni, mikononi na miguuni, nje, mbele ya macho ya wote. Kasoro ya mhunzi ilionekana sokoni siku ile ile, na hukumu ilitolewa na kila aliyeutazama mkufu. Fundi wa leo hufanya kazi ya waya katika hali iliyo kinyume kabisa, kwa kuwa ustadi wake hupimwa kwa jinsi waya usivyoonekana, na kwa kadiri anavyofaulu ndivyo anavyojiondolea mashahidi. Jamii iliyokuwa na njia ya kumwajibisha mhunzi kwa macho haina njia hiyo tena, na kitu kingine hakina budi kushika nafasi yake.

Wengi Machakos watajibu haraka kwamba kitu hicho ni hofu ya Mungu. Eneo hili lina mizizi mirefu ya Ukristo, kwa maana Misheni ya Afrika Bara ya Peter Cameron Scott iliingia Ukambani mwaka 1895 na kuanzisha kituo chake cha kwanza Nzaui, na leo makanisa ya kila aina yamejaa mjini, pamoja na Waislamu walioishi hapo kwa vizazi vingi, ambao katika mafundisho yao kazi aliyokabidhiwa mtu huhesabiwa kuwa amana, yaani kitu cha mwingine kilichowekwa mikononi mwake ili kirudishwe salama. Maandiko hayakosi maneno yanayofaa. Injili ya Mathayo, katika sura ya 6, yafundisha juu ya Baba aonaye sirini. Waraka kwa Wakolosai, katika sura ya 3, wawakataza watumishi kufanya kazi kwa ajili ya macho ya watu. Mahubiri juu ya mafundi mara nyingi huishia hapo: fanya vizuri, kwa kuwa Mungu anatazama chini ya siti.

Jibu hilo ni la kweli kwa mwamini, lakini halitoshi. Humweka fundi mbele ya jicho jingine, kubwa zaidi, na kumwacha katika mantiki ile ile ya kutazamwa, kana kwamba kosa la waya uliounganishwa ovyo ni kwamba kuna aliyeuona. Andiko lililo karibu zaidi na jambo lenyewe ni Walawi 19:14, ambapo kumlaani kiziwi na kumwekea kipofu kikwazo mbele yake kumekatazwa kwa pumzi moja. Marabi wa kale waliopanua maana ya agizo hilo hawakulifunga kwa asiye na macho. Walisema kipofu ni kila mtu asiyeona katika jambo fulani, kiasi kwamba anayempa mwenzake ushauri mbaya kwa faida yake mwenyewe amemwekea kikwazo. Kwa tafsiri hiyo, kila anayepanda pikipiki iliyofichwa nyaya zake ni kipofu kwa habari ya nyaya hizo, na upofu wake umesababishwa na fundi mwenyewe, tena kwa ombi na kwa malipo. Kosa basi si kwamba Mungu aliona, bali ni kwamba dereva hakuweza kuona, pamoja na abiria aliye nyuma yake, ambaye hakuchagua fundi, hakulipa, na huenda hajui hata kama pikipiki hiyo imewahi kubadilishwa. Abiria huyo ndiye anayepaswa kuwa katikati ya maadili ya kazi hii, naye ndiye anayesahauliwa zaidi.

Haki inataka pia isemwe kwamba mzigo huu hauwezi kutupwa wote juu ya fundi. Mteja hulipia anachokiona: taa mpya, siti mpya, rangi. Saa mbili alizotumia fundi kukwangua rangi ya fremu ili waya wa kurudishia umeme ushikane na chuma tupu, au kupitisha waya ndani ya mpira wa kinga kila unapovuka ukingo, hazionekani popote, na mteja anayeambiwa kwamba gharama yake ni kubwa kuliko ya karakana jirani huvuka barabara. Soko la kazi iliyofichwa humwadhibu mwaminifu, kwa sababu mwaminifu na mzembe hukabidhi pikipiki zinazofanana. Mteja anayedai bei ya chini kabisa kwa kazi asiyoweza kuikagua ameshiriki kuweka kikwazo, hata kama hakushika koleo, na mahubiri yanayomwonya fundi pekee humwacha mshiriki huyo akitikisa kichwa kwa kukubali.

Kuna mtu mwingine aliyefichwa katika jambo hili, naye ni fundi ajaye. Pikipiki ya bodaboda hupita mikononi mwa mafundi wengi, huuzwa na kuuzwa tena, na hitilafu ya waya uliohamishwa haijitokezi siku ya makabidhiano bali baada ya miezi mingi, pengine miaka miwili au mitatu, mbele ya mtu ambaye hakuwapo. Kwa hiyo suala la kuficha ni suala la wakati pia, na hapa fikra za Ukambani zina mchango mkubwa kupitia John Mbiti, mzaliwa wa Kitui mwaka 1931, kasisi wa Kianglikana na mwanafalsafa, aliyefariki Uswisi mwaka 2019. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, Mbiti alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati una pande mbili tu zenye uzito: Sasa, yenye mambo yanayotokea na yaliyo karibu kutokea, na Zamani, bahari ambayo matukio yote huishia. Wakati ujao wa mbali, alidai, karibu haupo, na ushahidi wake mmojawapo ulikuwa nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu, ambazo kwa hesabu yake hazivuki sana miezi michache, na kwa ukomo wote miaka miwili.

Ikiwa Mbiti alikuwa sahihi, fundi anayeficha waya hana fikra za jadi zinazomsukuma kumjali fundi wa mwaka wa tatu. Madai yake yalipingwa na wengi, akiwemo Mghana Kwame Gyekye, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1987 alionyesha kwamba lugha na fikra za Waakan zina dhana kamili ya wakati ujao, na kwamba kanuni ya bara zima haiwezi kujengwa juu ya lugha mbili. Lakini pingamizi lenye nguvu zaidi halihitaji kutoka Ghana, kwa kuwa limechorwa ubavuni mwa vilima vya Machakos. Matuta ya fanya juu huchimbwa kwa kufukua mtaro na kuutupa udongo upande wa juu wa mteremko. Udongo ni ule ule, shamba ni lile lile, kilichobadilika ni mahali. Na ukingo huo haukamilishi kazi yake siku ulipochimbwa, kwani huchukua misimu mingi ya mvua hadi ardhi iliyo nyuma yake ijisawazishe na kuwa ngazi. Vikundi vya mwethya, yaani vikundi vya kusaidiana vya majirani, vilifanya kazi hiyo mwaka baada ya mwaka, na watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika kitabu chao cha mwaka 1994, walionyesha jinsi wilaya ambayo maafisa wa kikoloni waliitabiria kuwa jangwa ilivyopunguza mmomonyoko wa udongo kati ya 1930 na 1990, huku idadi ya watu ikiongezeka zaidi ya mara tano. Ni vigumu kuyaeleza matuta hayo kama kazi ya watu wasiokuwa na wakati ujao. Mtu aliyehamisha udongo kwa namna hiyo alimhesabu mtu wa baadaye kama mwenye haki katika shamba, na kwa hakika Mbiti mwenyewe, alipofundisha kwamba mtu huwa mtu kwa sababu ya jamii yake, inayojumuisha hata walioaga na watakaozaliwa, aliacha mlango wazi kwa hesabu hiyo, ingawa nadharia yake ya wakati iliuegemea kutoka upande wa pili.

Kumhesabu fundi ajaye kuna maana zilizo dhahiri kabisa. Rangi za nyaya, kwa mfano, ni lugha: kiwanda humpa kila waya rangi yake, wakati mwingine ikiwa na mstari wa rangi ya pili, ili anayefungua fungu baada ya miaka ajue upi unakwenda kwenye breki na upi kwenye honi. Fundi anayerefusha nyaya nane kwa kutumia waya mmoja mweusi alioununua kwa bei nafuu huacha mfumo unaofanya kazi kikamilifu na usiosema lolote, na atakayekuja atalazimika kukata na kubahatisha, huenda ukingoni mwa barabara usiku. Kulinda rangi hadi mwisho wa waya ni adabu kwa mtu asiyejulikana, na vivyo hivyo kuacha urefu wa akiba kidogo karibu na kila kiungo, kuiweka fyuzi mahali ambapo mkono unafika bila kufungua nati sita, na kuchora kwa kalamu mchoro wa mpangilio mpya katika karatasi iliyofungwa kwa plastiki na kubandikwa chini ya siti. Karatasi hiyo ni jambo dogo lenye uzito mkubwa wa kifalsafa, kwa kuwa huruhusu uzuri ubaki mzima kwa nje huku ikimrudishia kipofu macho yake pindi anapoyahitaji. Kwa karatasi hiyo kufichwa kunabaki, na udanganyifu hauna pa kukaa. Kipimo kinachofaa, basi, si kama kifaa kinaonekana, bali ni kama fundi angekubali bila wasiwasi kusimama pale siti inapofunguliwa na mwenzake.

Kwa sasa jambo hili linaingia katika hatua ambayo maadili ya karakana hayakuiona. Pikipiki za umeme, zikiwemo zile za kampuni ya Roam ya Nairobi na za Ampersand iliyoanzia Rwanda, zimeanza kuonekana katika barabara za Kenya, na katika baadhi ya mipango hiyo betri si mali ya dereva, bali hubadilishwa kituoni kwa iliyojaa na kuachwa huko. Kilichokuwa kifaa kidogo cha kuhamishwa chini ya siti kimekuwa kiini cha chombo, kimefungwa na kiwanda, na kudhibitiwa kwa programu ambayo fundi wa Machakos hawezi kuifungua kwa bisibisi. Sababu za usalama za kuifunga zipo na ni nzito, kwa kuwa betri ya lithiamu iliyotobolewa huwaka moto usiozimika kwa urahisi. Hata hivyo maswali yaliyoelekezwa kwa fundi hayapotezi nguvu yanapoelekezwa kwa kampuni: nani amefanywa kipofu, kwa faida ya nani, na mchoro uko wapi. Fundi aliyezoea kufungua siti na kusoma kazi ya aliyemtangulia sasa anakutana na kisanduku kisicho na karatasi ndani, na dereva anayemletea pikipiki iliyozimika kwenye barabara ya Mwala anahitaji kuambiwa na mtu fulani, aliye karibu na anayeweza kuulizwa, ni nini kilichomo humo na kwa nini kimenyamaza.